Mwisho wa Wazungu wa Mvua

Mwezi uliopita nilipiga ukelele ndani ya nyumba yangu mwenyewe mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama kuna nyoka. Hapakuwa na nyoka. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimekaa sebuleni na sinia la mchele nachambua mawe, na binti yangu kajilaza mkekani na kompyuta yake ya chuo anatazama filamu. Filamu zake mimi huwa sizitazami, nyingi ni za watu kubusiana tu tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini nikasikia mvua. Huku Kigoma ni kiangazi, bati linalia kwa jua, na mvua inanyesha ndani ya kompyuta. Nikainua macho. Nikaona barabara ya matope, ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, na kijana mweupe mwenye kofia ya kitambaa anakanyaga baiskeli huku maji yanamchuruzika puani.

"Simamisha hapo hapo!" nikasema. Sinia likaenda chini, mchele ukatapakaa.

"Mama, kuna nini?"

"Huyo kijana ana karatasi ndani ya usukani wa baiskeli. Wanajeshi watamsimamisha darajani, watampekua mpaka viatu, na hawataiona."

Akaiachia filamu iendelee. Wanajeshi wakamsimamisha darajani, wakampekua mpaka viatu, hawakuiona. Binti yangu akanigeukia katoa macho. Akasema hii ni filamu ya Ayalandi, ya wakati wanapigania uhuru wao kwa Waingereza, wamepewa chuoni na mwalimu wa historia, sasa mimi nimeijulia wapi? Mimi Ayalandi nilikuwa siijui. Ila yule kijana nilikuwa namjua tangu niko darasa la tatu, na kwetu Ujiji filamu ile iliitwa Wazungu wa Mvua.

Sasa rafiki yangu, kaa vizuri nikusimulie, maana tangu siku ile moyo wangu haujatulia, na wa kumwambia sina mwingine.

Banda la video lilikuwa nyuma ya soko la Ujiji. Mabati juu, mabati pembeni, magunia dirishani kuzuia mwanga, mabenchi yenye misumari iliyochomoza, na jenereta uani linatema moshi. Kideo, yaani televisheni yenyewe, kilikuwa kimoja, kidogo, kimepandishwa juu ya kreti za soda ili na wa nyuma apate kuona. Mikanda ililetwa na maboti kutoka Bujumbura pamoja na sabuni na vitenge, kwa hiyo kwetu hata Mchina wa karate aliongea Kifaransa. Na mvuvi gani wa Ujiji alikuwa anajua Kifaransa? Ndiyo maana kulikuwa na mtafsiri.

Mtafsiri alikuwa kijana wa Kirundi, mrefu, mwembamba, aliyekimbia vita vya kwao. Alikuwa amesoma kwa mapadri, Kifaransa kimemjaa kichwani. Alisimama kando ya kideo na fimbo mkononi, akaongea sauti zote peke yake: ya mwanamke, ya jenerali, ya mtoto, hata ya mbwa. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, lakini lafudhi ile hata bibi yangu Mha alikuwa nayo, kwa hiyo hakuna aliyemcheka. Mtu akifa kwenye filamu, yeye alisema tu, "Huyo ndiyo basi," na ukumbi mzima ukaguna. Tulimpenda sana yule kaka.

Nasema tulimpenda, ila mimi mle ndani sikuwahi kuingia. Msichana kuonekana banda la video ilikuwa ni kujitafutia jina. Bibi yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alishaapa kwamba siku akisikia nimekanyaga mle atanichapa kwanza, sababu ataniuliza baadaye. Kwa hiyo mimi filamu niliziangalia kwa nyuma, kwa jicho moja, kwenye tundu la msumari.

Nyuma ya banda, ukuta kwa ukuta, ndiko alikokuwa Mama wa Mawese. Na yeye alikuwa Mrundi, mama wa makamo, mnene wa mikono, kitenge chake kimechafuka rangi ya machungwa kisichoweza kutoka hata kwa jiki. Alichemsha chikichi kwenye pipa, akazitwanga kwenye kinu, akakamua, akachemsha tena mpaka mafuta yapande juu mekundu. Ile harufu, ukishaijua huisahau. Ninapopita leo mahali panapochemshwa mawese mate yananijaa, naona na sahani ya maharage, naona na migebuka iliyokaangwa ikakauka mpaka mfupa unaliwa. Bibi alinituma mafuta kila alasiri, na kila alasiri nilichelewa. Nikirudi ananiuliza, "Hayo mafuta ulikuwa unayakamua wewe?" Nami najibu foleni ilikuwa ndefu, wakati mteja mwenyewe nilikuwa peke yangu.

Kilichonichelewesha ni mkataba wangu na Mama wa Mawese. Yeye alipenda filamu kuliko mvuvi yeyote, lakini mama mzima angeingiaje mle na mapipa yake yanachemka? Sauti ya mtafsiri aliisikia vizuri kupitia bati. Picha ndiyo hakuwa nayo. Basi mimi niliweka jicho kwenye tundu, nikamwambia kinachoonekana: sasa wanakimbia, sasa kavaa koti, sasa yule mwanamke kageuka. Yeye akanipa kipande cha samaki wa moto kwenye kiganja. "Macho yangu," aliniita. "Macho yangu umekuja?"

Siku zilizojaa zaidi zilikuwa za mbalamwezi. Wewe unajua, dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa haifuati taa, kwa hiyo wavuvi wote wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanachokozana na wake zao, na mchana wanakwenda kwenye video. Siku hizo mtafsiri alilazimika kupaza sauti, na siku hizo ndizo walizoomba Wazungu wa Mvua.

Jamani, ile filamu ilitushtua. Siyo kwa bunduki, bunduki tulizizoea. Ilitushtua kwa sababu ndani yake Wazungu walikuwa wanatawaliwa, na waliowatawala ni Wazungu! Mara ya kwanza wavuvi waligoma kabisa. Mmoja alisimama akasema mtafsiri anatudanganya, mkanda umekosewa, haiwezekani mtu mweupe akamvunjia mlango mtu mweupe mwenzake na kumwambia hapa si kwako. Nilipomsimulia bibi, akaweka mwiko chini. "Usinitanie. Mzungu atawaliwe na nani, na mtawala ni yeye?" Nikaapa. Akasema nimeanza uongo mapema.

Mtafsiri akawatuliza kwa fimbo yake. Akasema wenye kofia za chuma ni watawala, wenye kofia za kitambaa ni wananchi, basi. Na tulipoona mwalimu wa kijiji, yule mkubwa wa wapiganaji, anawasimulia wenzake jinsi alivyovishwa kijiti shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama yake, mimi nilitoa jicho kwenye tundu nikamtazama Mama wa Mawese. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha namna hiyo. Nilikuwa nimekivaa wiki ileile kwa kuongea Kiha wakati wa kugawiwa uji. Sikuamini kwamba mtoto wa Kizungu naye alivishwa.

Siku moja mvuvi mmoja akauliza swali. "Sasa hawa wanajuanaje? Wakivua hizo kofia, si wote sawa?"

Mtafsiri aliteremsha fimbo, mvua inanyesha nyuma yake kwenye kideo. Kisha akasema, "Wanajuana. Majirani wanajuana." Halafu akaendelea.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya yule kijana wa baiskeli. Kazi yake ni kutengeneza baiskeli za watu, na barua za wapiganaji anazipitisha ndani ya usukani. Ana mama mmoja, hana baba. Siku moja wanajeshi wanamkamata, wanakaa naye siku mbili, halafu wanamwachia. Ndipo balaa linapoanza, maana wenzake wanajiuliza ameachiwaje hivi hivi, lazima katutaja. Wanakuja kumchukua kwa mama yake asubuhi, viazi viko jikoni. Wanampeleka ufukweni. Kuna mchanga, kuna boti, kuna yule mwalimu na watu wawili. Na hapo, kila mara, hapo hapo, kideo kinazimika. Taa nyekundu ya deki inazimika pia. Mtafsiri anasema mkanda umekatika tangu Bujumbura, tulieni, mimi niliuona mzima, nawamalizia kwa mdomo.

Na alivyomalizia! Alisema mwalimu alimtazama yule kijana, akamwambia, mimi nilikufundisha kusoma, siwezi. Panda boti, nenda, usirudi. Kijana akapanda. Akapiga makasia mpaka mikono ikatoka malengelenge, akafika ng'ambo kwenye nchi isiyo na vita, akapata kishamba, akalima kabichi, akaoa, akanenepa. Mama yake hakuambiwa, kwa sababu barua zilikuwa hatari, lakini yupo, anaishi. Wavuvi walipiga makofi. Mimi kabichi zile nilizila kwa macho, nakwambia, na kideo kiko giza.

Mama wa Mawese, ikifika hapo, mchi unakuwa umesimama ndani ya kinu. Anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anacheka kidogo, anajifuta uso na mgongo wa mkono, ananipa vipande viwili vya samaki badala ya kimoja. Sikujiuliza sababu. Nilijua tu kama wengine wote walivyojua, kwamba alikimbia na binti zake wawili, na mtoto wake wa kiume wa kwanza alibaki nyuma kule kwao. Mtafsiri alitoka kilima kimoja nao, ndiyo kijiji kwa Warundi. Alipovuka, alimletea habari: nilimwacha anaelekea ziwani kutafuta boti. Basi kila boti likitoka kaskazini Mama wa Mawese aliacha pipa motoni akateremka mwaloni, yanaposhushia maboti, kutazama. Akirudi anapuliza moto upya, na mtafsiri anakwenda kula kwake kila jioni kama mwanawe.

Miaka ikapita. Bibi alifariki, Mungu amweke pema. Niliolewa, nikahamia mjini Kigoma. Mtafsiri alipata uraia, akahamia Mwandiga, akafungua mashine ya kusaga. Binti za Mama wa Mawese waliolewa mbali. Yeye alibaki chumba kilekile, miguu imevimba, mawese hawezi tena, anauza mafungu ya dagaa mlangoni. Mimi nilimtembelea sikukuu kwa sikukuu. Hatukuwahi kuzungumza habari za mwanawe. Ukimya wake juu ya mtoto yule nilidhani ni kuzoea.

Turudi sebuleni kwangu. Nilimwambia binti yangu sasa tulia, leo nitaona mwisho wa kweli, nitaziona kabichi zangu. Nikakaa karibu na kioo. Wakaja kumchukua, viazi jikoni. Wakafika ufukweni. Mchanga, boti, mwalimu, watu wawili. Kideo hakikuzimika. Kijana akaambiwa avue viatu, akavivua, akavipanga vizuri pamoja, akamwomba mwalimu vimfikie mama yake kwa kuwa bado vipya. Mwalimu akasema ndiyo. Akampiga risasi. Boti lilikuwa limefudikizwa pale mchangani, hakuna hata mtu aliyeligusa. Ndipo nilipopiga ule ukelele.

Na baya zaidi likaja baadaye. Kumbe yule kijana hakutaja mtu. Wanajeshi walimwachia kwa sababu ya kupungukiwa chumba tu, walikamata wengi siku ile. Mwalimu anakuja kulijua hilo jambo amekwishamzika. Nililia, rafiki yangu, mtu mzima na mchele wangu sakafuni. Kisha hasira zikanipanda. Mtafsiri yule! Alitudanganya watu wazima na watoto, miaka yote, na fimbo yake! Binti yangu akacheka akasema, mama, sasa kadanganya nini, kawapa mwisho mzuri. Nikamwambia wewe hujui, mimi nimeibiwa.

Jumatatu yake nikachukua bajaji mpaka Ujiji. Unanijua mdomo wangu, ukiwa na habari hauwezi kulala nayo. Nikamkuta Mama wa Mawese kibarazani na ungo wa dagaa, anatoa mchanga.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Macho yangu, umekuja?"

"Nimekuja kushtaki. Nimeibiwa tangu niko mtoto, na mwizi ni mtafsiri wako!"

Akacheka, akanisogezea kigoda. Nikamweleza kompyuta, mvua, baiskeli. Alifurahi. Alikumbuka kila kitu, hata mbwa wa mwalimu. Nami nikapamba moto, nikamsimulia kama zamani, kinachoonekana kwanza kisha kingine: wanamchukua, wanafika, anavua viatu. Nilimwona anaacha kuchambua. Nami, mjinga, nikadhani hadithi imemnogea.

"Boti lilikuwepo?" akauliza.

"Lilikuwepo, Mama. Limefudikizwa. Hawakuligusa."

"Wakampiga?"

"Wakampiga risasi! Na hakuwa na kosa! Hakumtaja mtu hata mmoja!"

"Alizikwa wapi?"

"Hawakuonyesha."

"Wangeonyesha," akasema. Akaweka ungo chini. "Na yeye mwisho huo alikuwa anaujua?"

"Mtafsiri? Sasa asiujue, na kuzima alikuwa anazima mwenyewe, hadi taa ya deki!" Nikacheka. "Alituhurumia watoto."

"Filamu gani nyingine aliizima kwa ajili ya watoto?"

Nikafikiri. Za Wachina watu walikatwa vichwa, damu inaruka mpaka kwenye kioo, hakuzima. Ile ya malori yaliyochomwa na watu wakiwemo, hakuzima, alisema tu huyo ndiyo basi, huyo naye ndiyo basi. Filamu aliyokuwa anaizima ilikuwa moja. Na waliokuwa wakimsikiliza kupitia bati, nyuma ya ukuta, tulikuwa wawili, na mimi alikuwa hajui hata kama nipo. Nikamtazama mama yule, nikaelewa nimefanya nini.

"Mama, ni filamu tu," nikasema.

"Niitie," akasema. "Mwambie aje."

Nikapiga simu Mwandiga. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake, akaizima ili anisikie. Nikamwambia Mama anakuita. Akauliza anaumwa? Nikamwambia haumwi, kaka, nimemwambia mwisho wa Wazungu wa Mvua. "Nakuja," akasema.

Tulimsubiri saa nzima. Mimi nilitazama mahali lilipokuwa banda, sasa pana fremu za maduka, vijana wanauza vocha na makava ya simu, kila mmoja ana simu yake na filamu yake na spika zake ndogo masikioni, anacheka peke yake. Pale tulikuwa tunacheka watu sitini kwa mdomo wa mtu mmoja. Tundu langu la msumari lilishauzwa chuma chakavu pamoja na bati lake. Nilijilaani. Ningekaa na ule mwisho mwenyewe, ningekufa nao, ningepungukiwa nini?

Akashuka kwenye bodaboda, nywele zimeingia mvi, unga umemganda kwenye nyusi. Akavua kofia. Hakuniangalia. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini kabisa, kwenye vumbi mbele ya miguu ya Mama. Akasalimia kwa Kirundi. Mama hakuitikia, na mimi tangu kuzaliwa sijamwona mama yule akiacha salamu ya mtu hewani.

"Sema kwa Kiswahili," Mama akamwambia. "Huyu naye asikie. Alikuwa macho yangu."

Mtafsiri akashika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimjua kwa sauti za watu wote, na hapo akakosa hata moja. Alipoanza, alianza taratibu, kama mtu anayesoma.

"Jeshi lilimchukua siku mbili, likamwachia. Wenzetu kule porini wakasema hakuna anayeachiwa bure. Tulikuwa vijana saba. Mkubwa wetu akasema apelekwe kwenye michikichi. Mimi nilipewa jembe."

"Jembe la nini?"

"La kuchimba, Mama."

"Kabla au baada?"

"Kabla."

Nilishika ukuta. Nilitaka kumwambia anyamaze, nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu. Mama alikuwa ametulia kuliko sisi sote.

"Alikuona ukichimba?"

"Aliniona."

"Alisema nini?"

Mtafsiri akalia. Mwanaume mzima wa miaka hamsini na kitu, machozi yanachora mistari kwenye unga. "Alisema, ukifanikiwa kuvuka ukamwona mama, mwambie umeniacha naelekea ziwani. Mwambie kuna boti. Maneno yale ni yake, Mama. Mimi nimeyabeba tu. Mkanda ule ulipokuja kutoka Bujumbura, mara ya kwanza kuuona, nilitapika. Nikasema mwisho huu hautapita kwenye bati hili nikiwa hai."

Kwa hiyo kabichi, na kishamba, na malengelenge ya mikononi, vyote vilitoka kwa kijana aliyekuwa amesimama kando ya shimo lake mwenyewe, anafikiria mama yake atalala vipi. Nasi tulivipigia makofi.

Mama aliuliza swali jingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu sokoni. "Ulichimba kina gani?"

Akaweka mkono kiunoni. "Mpaka hapa."

"Mbwa hawakumfikia?"

"Hawakumfikia. Nilirudi kutazama mara mbili."

"Ulimfunika na nini?"

"Shati langu. Na majani ya mchikichi."

Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo, amesikia. Akanyoosha mkono, akamfuta yule mtu unga kwenye nyusi, wa kulia kwanza kisha wa kushoto. Halafu akafungua kilemba chake, akakiweka mapajani, akavuta pumzi.

Kilio kile sitakisahau. "Yoo! Umwana wanje! Yoo, umwana wanje!" Mwanangu, mwanangu. Sikujua kama kwenye mwili ule mzee kuna sauti kubwa kiasi kile. Mtafsiri alilala kifudifudi mavumbini. Mimi nilimkumbatia Mama.

Watu wa Ujiji hawasikii kilio wakabaki ndani. Walikuja mbio, wanawake wamefunga khanga kiunoni, wauza vocha wameacha meza, mmoja tayari kashika mkeka, mwingine anauliza sufuria kubwa ziko kwa nani. Jirani wa pembeni, mama kijana asiyejua lolote, alinivuta pembeni.

"Dada, pole. Nani amekufa?"

"Mwanawe wa kwanza. Wa kiume."

"Maskini! Amekufa lini?"

Nikamtazama Mama, nywele wazi, analia msiba mbichi.

"Leo," nikasema.